Tupeane uzoefu: polishi ya kumalizia kwa mashine kwenye rangi ya gari

Ndugu zangu, naomba tuzungumzie hatua moja tu ya kung'arisha rangi ya gari, nayo ni ile inayokuja baada ya kompaundi (dawa kali ya kusaga mikwaruzo) na kabla ya nta. Wengi wetu huipitia haraka kwa kuwa gari tayari linang'aa. Nitaanza na yaliyonipata, kisha kila mwenye uzoefu aeleze mashine na sponji alizotumia, pamoja na kile alichokiona rangi ilipotoka juani.

Gari lilikuwa jeusi. Nilipiga kompaundi kwa mashine ya mzunguko mmoja, ile ambayo sponji yake huzunguka tu bila kuyumba, mikwaruzo ikaisha, nikaendelea na polishi ya kumalizia kwa mashine ileile, na nilipofuta boneti niliweza kuona uso wangu vizuri. Gari lilipooshwa mara mbili na kutolewa juani, boneti yote ilikuwa na mawimbi ya mwanga yaliyofuata njia ambayo mashine ilipita, tena yakihama kila nilipohamisha kichwa. Mistari hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila mafuta yaliyomo kwenye polishi yalikuwa yameijaza na kuificha, na shampuu ilipoyaondoa ikajitokeza.

Nilirudia kazi kwa mashine ya mizunguko miwili, ile ambayo sponji yake huzunguka huku ikiyumba kuuzunguka mhimili wake. Niliweka sponji laini ya kumalizia, matone manne ya polishi yenye ukubwa wa punje ya njegere, nikafanya eneo la sentimita 50 kwa 50 kwa spidi ya kati, mkono ukitembea takriban sentimita 3 kwa sekunde na kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia, kwanza kwa mlalo kisha kwa wima. Nilipomaliza nilipuliza alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, nikafuta kwa taulo safi la maikrofaiba, ndipo nikamulika tochi kwa upande. Tangu siku hiyo sikubali kwamba sehemu imekwisha kabla sijaiondolea mafuta na kuimulika.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, kwangu mimi tatizo lilikuwa ukungu, si mawimbi. Kila nilipomaliza mlango ulibaki na weupe hafifu kama kioo kilichopuliziwa pumzi, nami nikadhani polishi ni mbaya, kumbe nilikuwa naikandamiza mashine kwa nguvu zilezile za kompaundi. Mashine ya mizunguko miwili ikikandamizwa mno, au ikiinamishwa, sponji huacha kuzunguka na kubaki inatetemeka mahali pamoja.

Aliyenisaidia aliniambia nichore mstari mmoja kwa kalamu nyeupe pembeni mwa ile sahani inayoshika sponji. Mashine ikifanya kazi ipasavyo mstari unaonekana ukizunguka, na ukisimama unajua mkono umezidisha. Sasa naanza kwa shinikizo dogo, na mpito wa mwisho naiacha mashine ijilalie kwa uzito wake tu. Ukungu ule haujarudi.

Mchangiaji wa pili

Mimi nitaongeza jambo la maandalizi tu. Baada ya kuosha, pitisha udongo wa kusafishia rangi (donge laini linalonasa uchafu ulioganda) kwa kilainishi chake, kisha funika kwa tepu ya karatasi plastiki zote nyeusi zisizo na mng'ao, kwa sababu polishi ikikaukia kwenye vinyweleo vyake huacha madoa meupe yanayosumbua sana kutoka. Nilitumia jioni nzima na mswaki kwenye ukingo wa dirisha moja.

Mchangiaji wa tatu

Yangu ni kuhusu usafi wa sponji. Nilikuwa nafanya gari zima kwa sponji moja bila kuisafisha, na kila mara madigadi ya nyuma ilitoka na mistari ambayo ya mbele haikuwa nayo. Sababu ni kwamba rangi inayoondolewa na polishi iliyokauka hujikusanya kwenye uso wa sponji, ikashikana na kuwa vipande vigumu, navyo vikaanza kukwaruza rangi uliyoisafisha mwenyewe.

Siku hizi nina sponji nne au tano kwa gari moja. Kila baada ya eneo moja naipiga sponji kwa brashi laini ikiwa inazunguka taratibu, na ikishalowa au ikipata joto naiweka kando. Vilevile sponji ya kompaundi siigusishi polishi ya kumalizia hata kama nimeiosha, kwa maana chembe moja kubwa iliyobaki ndani yake inatosha kuharibu mlango mzima. Sponji ikianguka chini, siirudishi kwenye rangi.

Mchangiaji wa nne

Wakuu, naomba kuitetea mashine ya mzunguko mmoja kidogo, kwa sababu ndiyo niliyojifunzia. Inaweza kumaliza vizuri ikiwa sponji ni laini, mizunguko ni ya chini na sponji imelala sawasawa, ingawa nakubali kwamba haimsamehe anayejifunza.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni unene wa rangi. Tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia, kwa kawaida lina mikroni 35 hadi 50 hivi, ilhali unywele wa mtu una takriban mikroni 70. Polishi ya kumalizia huondoa kidogo mno, lakini kwenye kingo za milango na mikunjo ya bodi klia huwa nyembamba zaidi, nami hupafunika kwa tepu kisha nikapamalizia kwa mkono. Bampa za plastiki nazipitia haraka, kwa kuwa plastiki haisambazi joto kama chuma. Na kama gari ni la zamani, lisilo na klia, msishtuke sponji ikigeuka nyekundu au bluu, kwa maana hiyo ni rangi yenyewe inayotoka.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana, na hoja ya kingo naichukua kama ilivyo. Kwa aliyeniuliza pembeni kwa nini polishi iliyofaulu kwenye gari moja ikashindwa kwenye jingine, jibu langu ni kwamba ugumu wa rangi hutofautiana. Rangi laini hupata ukungu kwa urahisi na huhitaji sponji laini kuliko zote, na rangi ngumu huenda ikahitaji sponji yenye makali zaidi kidogo kwa polishi ileile. Kwa hiyo nafanya kwanza mraba mmoja wa majaribio, naufuta mafuta, naumulika, na nisiporidhika nabadilisha kitu kimoja tu, nikianza na sponji, kisha shinikizo, na polishi yenyewe mwisho kabisa.