Mafundi cherehani wanaokaa saa 10 kwa siku: afya zao tuzilinde vipi?

Mshono_Mnyoofu: Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kuhusu karakana ya ushonaji yenye mafundi sita. Wanakaa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Cherehani za kukanyaga tumezifunga mota, kazi inakwenda haraka, ila malalamiko ya mgongo, miguu kuvimba jioni na vitambi yameongezeka. Wawili hukimbia nusu saa kila jioni. Je, hiyo inafuta madhara ya kukaa? Na baada ya miaka 10 au 20 tutarajie nini?

Tiba_Viungo: Mkuu, hiyo mota ndiyo ya kuanzia. Kukanyaga kulivipa vigimbi kazi siku nzima, na vigimbi ndivyo vinavyosukuma damu ya miguuni irudi moyoni. Vikitulia, maji yanabaki chini na viatu vinabana jioni.

Jambo kubwa zaidi halionekani. Misuli ya miguu hufyonza sehemu kubwa ya sukari tunayokula. Ikilala kwa saa nyingi, sukari ya mlo wa mchana inakawia kwenye damu, na kimeng'enya (kemikali ya mwili) kinachoshughulikia mafuta ya damu ndani ya misuli kinapungua. Miaka ikienda hivyo, unafungua njia ya kisukari cha aina ya 2, presha na maradhi ya moyo. Mwaka 1953 mtafiti wa afya Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva waliokaa waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi.

Kukimbia wasiache. Uchambuzi mkubwa wa 2016, wa watu zaidi ya milioni 1, ulionyesha kwamba dakika 60 hadi 75 kwa siku za kutembea haraka au mazoezi ya kiwango hicho ndizo zinazofidia kukaa zaidi ya saa 8. Nusu saa inapunguza hatari, haiimalizi.

Mkasi_Mkali: Ukiwaambia mafundi "inukeni kila nusu saa" hakuna atakayekumbuka mteja akiwa mlangoni. Karakana yenyewe iwainue. Mshono unatakiwa upigwe pasi kabla haujapitiwa na mwingine, sivyo? Basi meza ya pasi ikae hatua kumi kutoka kwenye cherehani, kimo cha kiuno, mtu apige akiwa amesimama. Wengi huweka pasi kando ya kiti ili kuokoa muda, na hapo ndipo fundi anaposhinda amekaa toka asubuhi. Bobini za akiba nazo ziwe kwenye meza ya kukatia, kila mtu abaki na mbili tu.

Halafu angalia pedali ya mota. Ikiwa mbele sana, fundi anateleza hadi ukingo wa kiti na mgongo unapinda kama ndoano. Isogeze mpaka goti likunje pembe mraba na kisigino kitue sakafuni. Nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, viwiko usawa wa meza.

Nesi_Zamu: Futi mnayo, itumieni. Pimeni kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akishatoa pumzi. Si pale suruali inapokaa chini ya kitambi. Mwanaume akifika sentimita 94, mwanamke 80, akapime sukari na presha. Presha ya 140/90 kwenda juu, au sukari ya asubuhi kabla ya kula kuanzia 7.0 mmol/L, irudiwe kupimwa na daktari aione.

Uvimbe wa mguu mmoja tu, wenye maumivu na joto kwenye kigimbi, ni jambo jingine kabisa. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Msikande wala kuchua, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Kukiwa na kubanwa pumzi au maumivu ya kifua, ni dharura.

Mshono_Mnyoofu: Shukrani sana. Je, tukiinua meza wakashona wamesimama?

Tiba_Viungo: Hapana mkuu. Kusimama siku nzima kunavimbisha mishipa ya miguu na kuchosha kiuno. Wabadilishane: anayekata leo asubuhi ashone mchana. Wakati wa kukata, ainue visigino polepole mara 20 kila anapomaliza kitambaa. Na baada ya chakula cha mchana, watembee dakika 10 kabla ya kurudi kwenye cherehani, maana hapo ndipo sukari inapopanda.