Tupeane uzoefu: mitihani ikishaisha Novemba, shule zetu za msingi zinafundisha au zinasubiri kufunga?

Chaki ya Igogo
Wakuu, salaam. Juzi nimepita jirani na shule moja ya msingi hapa Nyamagana, Mwanza, saa tano kasoro, mapumziko yalishapita, uwanja umejaa watoto. Wengine wanacheza rede, wengine wamekaa tu chini ya mwembe. Nikamuuliza mmoja, akanijibu bila wasiwasi: "Tumeshamaliza mitihani." Na shule inafunga Desemba!

Mimi ni mwalimu, najua mambo yanavyokwenda. Darasa la Saba wanaondoka Septemba. Darasa la Nne wakishafanya upimaji wao wa kitaifa, shule nzima inalegea. Mwalimu huyu kaitwa kusimamia mtihani shule nyingine, yule anajaza taarifa kwenye mfumo, mwingine ana rundo la karatasi za kusahihisha, watoto wanaachiwa wenyewe. Lakini yule wa darasa la pili ambaye bado anasoma kwa kukisia, zile wiki za mwisho ndizo zingemwokoa. Januari anaingia la tatu, na huko hakuna atakayerudi kumfundisha silabi.

Walimu, wazazi, hata nyie mliosoma zamani: kwenu ilikuwaje? Nini kilisaidia? Naomba uzoefu, siyo lawama.

Mzazi wa Pasiansi
Umenigusa mwalimu. Wangu wa darasa la tatu siku hizi anarudi saa tano. Nikimuuliza anasema "ticha kasema tukapumzike". Naweka kambi hapa.

Kijana wa Kitangiri
Enzi zetu Novemba ilikuwa mwezi wa kumbikumbi na kufyeka. Daftari linabaki nyumbani, unabeba panga na dumu la maji.

Ticha wa Mwambao
Nafundisha shule ya mwambao wa Ziwa Victoria, upande wa Buchosa. Niseme jambo ambalo watu wa mjini hawalioni. Kwetu utoro una ratiba, na ratiba yenyewe iko angani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, wavuvi wanapandisha mitumbwi nchi kavu wanashona nyavu, na darasa langu linajaa. Giza likirudi, mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, asubuhi kuna kazi ya kuanika, kugeuza na kuanua, na madawati yanabaki wazi. Nilichukua rejista ya mwaka mzima nikaiweka pembeni ya kalenda ya mwezi. Vinafuatana.

Sasa Novemba yanakutana mambo mawili. Mitihani imeisha, kwa hiyo mzazi anaona shule imekwisha. Na mvua za vuli zimeanza, watu wanaingia mashambani. Mtoto huyohuyo anatakiwa mwaloni, anatakiwa kushika kamba mbele ya ng'ombe wa plau. Kama shuleni hafundishwi kitu, mzazi amwache huko kwa sababu gani?

Tulichofanya sisi: mada mpya na ngumu tunaziweka siku za mwezi mkubwa, kwa kuwa watoto wapo. Siku za giza tunafanya marudio na makundi madogo ya kusoma, ili aliyekosa asiachwe mbali. Halafu tulikubaliana kwenye kikao kwamba vitabu havirudishwi stoo mpaka zibaki siku mbili za kufunga. Hilo la vitabu ndilo lilileta ubishi kuliko yote, maana mtunza stoo anataka ahesabu mapema. Lakini ukishakusanya vitabu katikati ya Novemba umefunga shule, hata kama geti liko wazi.

Mhasibu wa Nyegezi
Mwalimu huyu apewe maua yake. Hapo kwenye vitabu naunga mkono mia kwa mia.

Jembe la Kwimba
Mimi sikubali. Kupanga vipindi kwa kufuata dagaa ni kuhalalisha utoro. Mzazi anayemtoa mtoto shule apelekwe kwa mtendaji wa kata, mambo yaishe.

Ticha wa Mwambao
Ndugu yangu wa Kwimba, kwa mtendaji tumeshawapeleka. Wanatozwa faini, na faini inalipwa kwa dagaa walewale alioanika mtoto.

Jembe la Kwimba
Kwetu hatuna ziwa, tuna pamba na mpunga, na waliopelekwa barazani waliacha. Msiwadekeze wazazi.

Mama Kulwa
Nimesoma maneno ya mwalimu wa Buchosa nikashindwa kupita bila kuandika.

Mwanangu alikuwa darasa la tano. Mitihani ilikwisha mapema. Asubuhi anavaa sare, anakunywa uji, anachukua mkoba, anatoka. Mimi nauza mboga, najua yuko shule. Kumbe wakifika wanafagia, wanaitwa majina, baada ya hapo hakuna mwalimu anayeingia darasani. Wakubwa wakaanza kutoroka kwenda mwaloni kuanua dagaa, wanapewa mia tano, wanapewa elfu. Wangu akawafuata.

Siku hiyo jioni hakurudi. Nikasema yuko kwa shangazi yake. Saa mbili usiku shangazi anasema hajamtia machoni. Nikakimbilia mwaloni. Upepo ulishaanza, ule unaotangulia mvua, radi zinapiga upande wa visiwani. Mtoto wa jirani akaninong'oneza: "Mama, ameingia mtumbwini. Wamemchukua awe anatoa maji." Miguu iliisha nguvu. Mwanangu hajui kuogelea.

Mwenyekiti wa kitongoji alipiga simu kila kisiwa alichokuwa na namba ya mtu. Hakuna mtumbwi uliotoka. Wavuvi wenyewe walisimama ufukweni na tochi zao, wakaniambia mama, tukienda sasa hivi tutaongeza misiba. Nikakaa palepale juu ya nyavu za kuanikia, mvua inanipiga, mpaka kunakucha. Asubuhi ziwa limetulia kama hakuna lililotokea. Ndipo simu ikaita: injini ilizima, upepo uliwasukuma mpaka kisiwani, wote wazima. Mwanangu walimkuta amefungwa dumu tupu kifuani kwa kamba. Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyemfunga walipoona mambo yameharibika.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye. Nilikwenda shule kuuliza. Wakafungua rejista. Siku ile mwanangu kaandikwa yupo. Na kesho yake, siku ambayo alikuwa bado kule kisiwani anasubiri mtumbwi wa kumrudisha, kaandikwa yupo.

Mzazi wa Pasiansi
Mungu wangu. Pole sana mama. Nimesoma nimeshika mdomo.

Mkara Halisi
Sisi wa kisiwa cha Ukara huko kusubiri ufukweni tunakujua. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama, tulisimama hivyohivyo. Mama, mshukuru Mungu, mwanao ulimpata.

Kijana wa Kitangiri
Mwenye mtumbwi alichukuliwa hatua gani? Kumpakia mtoto usiku, hana hata jaketi okozi!

Mama Kulwa
BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, walimzuia kuvua kwa muda. Kesi sikutaka. Yule mzee aliyemfunga dumu alikuwa wa mtumbwi huohuo.

Kijana wa Kitangiri
Mama, hapo kwenye kesi ungekaza. Kesho atapakia mtoto wa mwingine.

Mhasibu wa Nyegezi
Mwacheni. Aliyekesha ufukweni ni yeye, siyo sisi.

Jembe la Kwimba
Mimi wa kwanza kushitakiwa kwangu ni aliyeandika rejista ya uongo. Hapo hakuna mjadala.

Mwalimu Mstaafu Mabatini
Kijana wangu, taratibu. Siku ya kwanza naielewa: mtoto aliitwa jina asubuhi, akaitikia, akatoroka baadaye. Siku ya pili ni kosa, siitetei. Ila ujue linakotoka. Darasa lina watoto mia na zaidi, na shule ikionyesha utoro mkubwa mwalimu mkuu anaitwa kujieleza. Basi rejista inapambwa. Huwezi kutibu utoro ambao kwenye karatasi haupo.

Jembe la Kwimba
Shikamoo mzee. Bado ni uongo.

Mwalimu Mstaafu Mabatini
Marahaba. Ni uongo, na watoto wanauona. Sisi tulianza kuita majina mara mbili, asubuhi na baada ya mapumziko ya saa nne. Ile ya pili ndiyo inayosema ukweli.

Chaki ya Igogo
Mama Kulwa, asante kwa kutuamini na jambo hili. Wakuu, ya jaketi okozi na ya kesi ni makubwa lakini yatatutoa njiani. Mimi najiuliza: nini kingembakiza mtoto yule shule asubuhi ile? Nadhani ni mwalimu kuingia darasani na kitu cha kufanya. Tuendelee hapo.

Mtaaluma Ilemela
Sisi mtihani wa kufunga tuliusogeza mpaka karibu kabisa na kufunga. Ripoti zinatolewa siku ya mwisho kwa mzazi mwenyewe, siyo kwa mtoto. Mtoto akijua mtihani bado, anakuja.

Mwalimu Mstaafu Mabatini
Hapo tutatofautiana mwanangu. Mtihani ukiwa mwisho, utasahihisha saa ngapi? Utasahihisha kwa haraka, mtoto atapewa namba, "wa 47", atakwenda nayo nyumbani bila kujua alikosea wapi. Mimi mtihani naufanya mapema, halafu wiki zinazobaki narudi na karatasi zilezile darasani, swali kwa swali. Wanabishana wenyewe ubaoni. Kugawanya kwa njia ndefu watoto wangu wengi walikuelewa wiki hizo, wakati hakuna tena alama za kuogopa.

Mtaaluma Ilemela
Kwa nidhamu ya darasa lako mzee sawa. Shule yangu nikitangaza mtihani umeisha, kesho nafundisha kuta.

Mwalimu Mstaafu Mabatini
Basi usitangaze.

Mama Ntilie wa Igoma
Mie si mwalimu ila nawapikia uji. Siku uji ukiwepo watoto wapo, siku unga ukiisha hawapo. Novemba michango ya wazazi inaisha, unga unaisha, watoto wanaisha. Mnatafuta mbali.

Mhasibu wa Nyegezi
Wengi wakisikia elimu bila ada, tangu 2016, wanadhani na uji umo. Kamati za shule zipige hesabu ya unga mpaka Desemba tangu Julai, siyo mpaka mitihani.

Kijana wa Kitangiri
Geti lifungwe na ufunguo akabidhiwe Mama Ntilie. Hapo hatoki mtu!

Fundi wa Buhongwa
Wengine humu hamsemi ukweli. Novemba ndiyo mwezi wa kumalizia madarasa ya Januari, na mchanga na maji ya ujenzi vinasombwa na nani? Watoto. Nimejenga shule, nimewaona darasa la nne wamebeba ndoo saa tatu asubuhi. Mimi nilikataa kukoroga zege mpaka watu wazima walete maji. Kijiji kilinuna, lakini maji yalikuja na mkokoteni wa punda.

Jembe la Kwimba
Hapo fundi nakupa mkono. Ingawa kujifunza kazi nako ni elimu.

Fundi wa Buhongwa
Kupanda miti nusu saa ni elimu. Kusomba mchanga wiki mbili ni kibarua bila malipo.

Dada wa Butimba
Nimemaliza chuo, niko mafunzo kwa vitendo. Tulipewa vyumba vya Darasa la Saba, maana vinabaki vitupu tangu Septemba na walimu wao wana nafasi. Tukawapanga darasa la sita wawili wawili na watoto wa darasa la pili, kila asubuhi, kitabu kimoja kwa jozi. Mkubwa anasikiliza, mdogo anasoma, akikwama wanasilabi pamoja. Nilichojifunza: wapo wa darasa la sita ambao wenyewe walikuwa hawasomi vizuri, na hapo walipata njia ya kurudi kwenye kitabu chepesi bila kuchekwa. Kuna mvulana mkimya sana ambaye alikuwa anafika kabla ya kengele kumsubiri mdogo wake wa kusoma. Msichanganye tu watoto wa nyumba moja, wanapigana.

Chaki ya Igogo
Dada, hii naichukua nzima nzima.

Mzazi wa Pasiansi
Na ziara je? Sisi tuliochanga tulipelekewa watoto kisiwa cha Saanane, ni hifadhi ya taifa na iko hapa hapa mjini. Wangu bado anasimulia pimbi.

Mama Kulwa
Wakienda wavalishwe majaketi okozi wote, hata kama ni karibu.

Mtaaluma Ilemela
Ziara ni nzuri, ila wasiochanga wanabaki wanalia. Kwetu ilileta chuki mpaka wazazi wakagombana.

Ticha wa Mwambao
Sisi hatuna hela ya ziara, tunatumia kilichopo. Darasa la tano nilitaka kuwafundisha uvukizi, nikawaambia kila kundi lilete dagaa wabichi, kopo moja tu. Tukapima, tukaanika juu ya nyavu nyuma ya darasa, tukapima tena. Wazazi walikuja kuchungulia dirishani. Mmoja, yule aliyekuwa anamzuia mwanawe, aliuliza hizo hesabu za uzito na bei anaweza kufundishwa na yeye.

Jembe la Kwimba
Mwalimu, hiyo nimeipenda, japo ulianza kwa kunikera. Kwetu tungefanya na nini? Mihogo?

Ticha wa Mwambao
Mihogo inafaa, au mahindi mabichi. Mizani ya dukani inatosha. Pimeni asubuhi kabla jua halijakolea, mpime alasiri, na kila siku inayofuata saa ileile. Kila mtoto aandike mwenyewe kwenye daftari lake, usimwachie kiranja. Uzito ukigoma kushuka, wamalizie kwa kuchora grafu, na hiyo grafu itakula vipindi viwili, kwa hiyo usianze Ijumaa.

Dada wa Butimba
Kuku wazuieni. Kwetu walikula jaribio lote.