Katoni 14 zote zimeandikwa "spea". Storeji, yaani ada ya kuhifadhi mzigo, alipe nani?

Wakuu, naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya wakala wangu wa forodha, chai ya rangi kikombe cha tatu. Leo siku ya tisa. Kontena limefika Dar salama, hakuna kilichovunjika wala kuibwa. Kinachoshikilia mzigo wangu ni neno moja: "spea".

Nilinunua vitu vya bodaboda Guangzhou, nikavipeleka kwa msafirishaji anayechanganya mizigo ya watu kwenye kontena moja. Nikampa orodha, karatasi mkononi na nyingine kwa WhatsApp: cheni, beringi, plagi, ringi za pistoni, tairi, helmeti. Aina, idadi, bei ya kila kimoja. Yeye kwenye hati kaandika "spea, katoni 14". Basi! Nimempigia, ananijibu kwa raha zake, "Bosi, sisi siku zote tunaandika hivyo."

Spea ya nini? Ya cherehani? Ya jenereta? Ya meli? Afisa wa forodha afanye nini, anuse katoni?

Na asiniambie eti vyote ni vitu vya pikipiki kwa hiyo ni kitu kimoja. Wakala amenionyesha kwenye kitabu cha ushuru, kila bidhaa ina namba yake. Cheni za roli ziko 7315.11. Beringi za gololi 8482.10. Plagi 8511.10. Ringi za pistoni za injini ya petroli 8409.91. Tairi jipya la pikipiki 4011.40, helmeti 6506.10. Hata angeandika "spea za pikipiki", hilo linakupeleka 8714.10, na humo plagi hazimo, tairi hazimo. Tarakimu hizo sita za mwanzo ni zilezile China na hapa. Sisi Afrika Mashariki tunaongeza mbili tu mwishoni. Ushuru unaanzia hapo, 0, 10, 25 au 35 kwa mia, mbali na bidhaa nyeti zenye viwango vyake. Sasa mtu anayekadiria akiona "spea", unadhani atakuchagulia ile ndogo?

Kinachonichoma zaidi, jamaa huyuhuyu anapeleka mizigo Ulaya kwa ndege, na huko anaandika kama mwandishi wa vitabu. Anajua tangu Machi 2023 forodha ya Ulaya inadai maelezo ya kueleweka pamoja na zile tarakimu sita, na "spea" au "bidhaa mchanganyiko" havipiti. Kumbe anaweza! Kwetu ndiko anakojiachia.

Msinijie juu, najua mtasema wafanyabiashara wengine tunalipenda neno la jumla, tukidhani mzigo utapita kwa bei chee. Kweli. Hata mimi mzigo wangu wa kwanza uliandikwa hivyohivyo nikachekelea, ukapita. Ila safari hii nilitaka kila kitu kiandikwe, nikakaa usiku mzima kuandaa orodha. Nilichotaka kiandikwe ni kama hiki: "cheni za roli za chuma, za pikipiki, 428H, mpya, vipande 200". Mstari mmoja. Unajua ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, cha kazi gani, kipya au mtumba, na kiko kiasi gani. Kuna ugumu gani hapo?

Sasa katoni lazima zifunguliwe zote, zihesabiwe, manifesti (ile hati ya orodha ya mizigo) irekebishwe, na msafirishaji anataka gharama ya marekebisho nilipe mimi. Mimi! Storeji nayo inahesabiwa kila siku, Jumapili haina mapumziko.

Na siko peke yangu. Pembeni yangu kakaa mama mmoja wa vyombo vya jikoni, mzigo wake uko kontena hilohilo. Wake umeandikwa safi kabisa, sufuria za aluminiamu, seti za vipande saba. Umezuiwa kwa sababu ya kontena, yaani kwa sababu yangu. Ananiangalia kama nimemwibia.

Naomba mwenye uzoefu aniambie, kuna aliyewahi kumbana msafirishaji akalipa storeji? Ushahidi ninao, ujumbe wa WhatsApp na ile orodha yenyewe vyote vina tarehe. Nianzie wapi? Jibuni haraka, mama wa sufuria kaniuliza tena sasa hivi na sina la kumwambia.