WAC ya akina Nyambui iliishia wapi? Na konferensi ina uzito gani kwa mkimbiaji?

Mwana_wa_Majita:
Wakuu habari za jioni. Naomba wenye uelewa wa michezo ya vyuo vya Marekani mnisaidie. Sisi tuliokulia kule Musoma jina la Suleiman Nyambui tumelisikia tangu utotoni, wazee walikuwa wanasema kijana wetu kaenda kusoma Texas, chuo cha UTEP pale El Paso, na anawachapa Wamarekani kwao. Sasa juzi nimeanza kufuatilia nikakuta UTEP ya enzi hizo ilikuwa kwenye konferensi inaitwa WAC (Western Athletic Conference), lakini nikiangalia WAC ya miaka hii UTEP haimo, Wyoming haimo, BYU haimo, hata New Mexico haimo. Ilivunjika au? Halafu nina sababu nyingine ya kuuliza, binti wa kaka yangu anakimbia mita 5000 na kuna kocha wa chuo kimoja kule ameanza kumwandikia, kila meseji lazima aitaje konferensi yao. Tuipe uzito gani hiyo habari maana kaka ananisikiliza mimi?

KochaWaNyika:
Mkuu umenikumbusha mbali. Konferensi ni vyuo vya ukanda mmoja vimekubaliana kushindana vyenyewe kwa vyenyewe kila msimu na kutoa bingwa wao, juu yake ndo kuna mashindano ya taifa ya NCAA, yaani chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. WAC ilianza 1962 na vyuo sita, Arizona, Arizona State, BYU, New Mexico, Utah na Wyoming, UTEP na Colorado State wakaingia baadaye miaka hiyo hiyo ya 60. Ilikuwa konferensi ya milimani kweli, Wyoming wako Laramie karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu aliyezoea kukimbia nyanda za juu huku kwetu hakuwa mgeni sana wa ile hewa.

UTEP ya kocha Ted Banks ilikuwa hatari. Nyambui alibeba ubingwa wa NCAA wa mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, na katikati hapo 1980 akachukua medali ya fedha ya mita 5000 Olimpiki ya Moscow nyuma ya Miruts Yifter, mwaka huo huo akashinda na mbio za nyika za NCAA. Na hakuwa peke yake, Gidamis Shahanga na Zakaria Barie nao walipita UTEP, hawa ndo walioshika dhahabu na fedha ya mita 10,000 Jumuiya ya Madola Brisbane 1982. Watanzania wawili wanashika namba moja na mbili kwenye fainali moja, tena wa chuo kimoja, mimi hii huwa nawasimulia vijana kila mwaka.

Kwenye nyika wanajumlisha nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa kila timu, mwenye jumla ndogo ndo bingwa, kwa hiyo ndogo kuliko zote ni 15 yaani watu wako washike namba 1 hadi 5. UTEP 1981 fainali ya taifa walipata 17. Kumi na saba! Taifa zima lile la vyuo, wao wamebakiza pointi mbili tu kufikia ile 15.

Mbongo_Houston:
Hapo kocha umemaliza upande wa mbio. Ila kilichoiua ile WAC hakihusiani na mbio kabisa, ni ule mpira wao wa Kimarekani na hela za televisheni. Arizona na Arizona State walishaondoka tangu 1978. Halafu 1996 wakaongeza vyuo mpaka vikawa 16, kuanzia Honolulu mpaka Houston na Tulsa, hebu chukua ramani uangalie, eti hiyo ni konferensi ya kanda. Safari zikawa ndefu, gharama juu, timu zilizozoeana miaka na miaka zikawa hazikutani kila msimu. 1998 wakuu wa vyuo vitano wakakutana uwanja wa ndege wa Denver wakakubaliana kujitoa, vikawa vyuo vinane ndo vikaanzisha Mountain West 1999, humo wamo BYU, Utah, Wyoming, New Mexico. UTEP ikaachwa kwenye WAC na wengine, nayo 2005 ikahamia Conference USA. WAC iliendelea kupokea wageni ila mpira wa Kimarekani waliusimamisha baada ya msimu wa 2012, na sasa hata jina wametangaza kuliacha kuanzia 2026.

Lakini kinachonifurahisha, 2026 hiyo hiyo UTEP inaingia Mountain West, kwa hiyo inakutana tena na Wyoming, New Mexico, Air Force na Hawaii, wenzake wa konferensi wa enzi za Nyambui. Sema Colorado State ndo anaondoka huo mwaka anaenda konferensi nyingine, Pac-12.

Chepta_wa_Eldy:
Hamjambo wote, mimi niko Eldoret. Mwana wa Majita, huyo binti msimwache achague kwa jina la konferensi. Kwa mkimbiaji njia ya kwenda taifa haipiti kwa konferensi hata. Kwa nyika mnaenda mashindano ya rijini, yaani kanda, ziko tisa, zimepangwa kwa ramani, timu mbili za kwanza kila rijini zinaingia moja kwa moja na zingine zinaongezwa. Kwa uwanja ni muda wako tu, nchi inagawanywa mashariki na magharibi, wanachukua 48 bora kila upande kwa hiyo 5000 yake, halafu 12 wa kila upande ndio wanaenda fainali za taifa. Chuo kikihama konferensi kesho muda wake unabaki ule ule. Ednah Kurgat wetu alishinda nyika ya NCAA 2017 akiwa New Mexico, timu nayo ikashinda, na Mountain West haihesabiwi kati ya zile konferensi tajiri.

Kitu cha kuuliza huyo kocha ni pesa. Skolashipu ya riadha mara nyingi ni nusu ama robo, si wote wanapata yote. Kuna msichana wa kwetu aliambiwa kwa simu "usijali kila kitu kiko sawa", kufika huko anaambiwa hosteli na chakula ni juu yake, mama yake akauza ng'ombe. Mwambie kocha aandike: karo, malazi, chakula, vitabu, bima, kila kimoja na kiasi chake.

Mwana_wa_Majita:
Asanteni sana jamani, dada Chepta hilo la kuandikiwa namwambia kaka usiku huu huu. Swali la mwisho, binti kamaliza form six mwaka jana, akikaa nyumbani mwaka mwingine akisubiri kuna shida?

KochaWaNyika:
Shida inaweza kuwepo mkuu. NCAA wanaangalia umemaliza shule lini na baada ya hapo umeshindana wapi, ukikaa muda mrefu huku unakimbia mashindano rasmi unaweza kupunguziwa misimu. Enzi za Nyambui mtu aliingia chuo akiwa mkubwa, sasa wanabana. Mazoezi aendelee nayo, ila kabla hajajiandikisha mbio yoyote ya namba na zawadi, hasa zile za barabarani za hela, amuulize kocha kwa maandishi na aanze kujisajili kwenye kituo cha NCAA cha kuhakiki sifa. Vyeti vya form four na form six aviandae mapema, matokeo ya NECTA wanayaomba na yanachukua muda. Na muda wake wa 5000 ni ngapi? Weka hapa, na useme kaukimbia uwanja gani.