Mrejesho: kreatinini iliyopanda na daktari aliyesema ni umri

Miezi miwili iliyopita niliwauliza nifanyeje, kwa kuwa kreatinini yangu (taka ya mwilini ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu) ilikuwa ikipanda huku daktari wangu hapa Tanga akisisitiza kuwa ni umri na joto la pwani, ninywe maji tu. Nina miaka 52. Huo umri haujawa wa kusingiziwa kila kitu.

Kama mlivyonishauri, nilikusanya majibu yote matatu ya maabara, yaliyokuwa yametawanyika katika madaftari tofauti, nikayapanga mezani kwake kwa tarehe: 98, 121, kisha 149 (mikromoli kwa lita). Kila moja alikuwa amelitazama peke yake, na peke yake halikutisha. Nilimwomba kwa heshima anikokotolee kiwango cha uchujaji wa figo kwa kila jibu, akapata 60, 47 na 36 (mililita kwa dakika), yaani figo zilikuwa zikichuja kidogo zaidi kila mara. Akanyamaza, akavua miwani. Nikamkumbusha kwamba kiwango kikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu wa figo, na nikaomba kipimo cha protini kwenye mkojo, ambacho hakikuwahi kufanyika.

Protini ilionekana, ishara kwamba figo zinaivujisha. Nimepewa rufaa kwa bingwa wa figo, shinikizo la damu linafuatiliwa, na nimeachishwa diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kudhuru figo, niliyokuwa nikiinunua duka la dawa Ngamiani kwa ajili ya goti, dawa ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake, wala mimi sikuitaja. Kreatinini itapimwa tena baada ya wiki nne, na daftari sasa ni moja.