Wauzaji wa Escudo za zamani, acheni kung'oa shafti ya mbele kisha mkatuuzia kama 4WD

Wakuu, heshima kwenu. Nimekaa na jambo hili tangu mwezi Juni nikitumaini kwamba aliyeniuzia gari angekuwa muungwana tukalimaliza wawili, lakini sasa ameacha kupokea simu zangu, na mimi sioni tena sababu ya kunyamaza wakati watu wengine wa Mtwara na Lindi wanaendelea kununua magari ya aina hii kwa maneno yale yale niliyoambiwa mimi.

Nina duka dogo la pembejeo Nanyamba. Kiangazi kikianza, kazi yangu kubwa ni kupeleka salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, kwa wakulima wa korosho, na anayezijua njia zetu za mashambani anajua kwamba kiangazi ndicho kinachotutesa, kwa sababu mchanga ukikauka unalegea na kumeza tairi, ilhali ukilowa kidogo unashikana na hata pikipiki inapita bila taabu. (Wageni hudhani ni masika peke yake yanayodai gari la 4WD, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne.) Nilitafuta gari fupi, jepesi, la bei ninayoimudu, nikaangukia Suzuki Escudo ya mwaka 1995, milango mitano, injini ya cc 1,590, gia za mkono.

Niseme wazi kwamba na gari lenyewe sina ugomvi. Escudo ya toleo la kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1988 na ambayo katika nchi nyingine inaitwa Vitara, ina umbo dogo lakini chini yake kuna chesisi ya vyuma kama ya gari la kazi, nyuma ina ekseli nzima inayokaa juu ya springi za koili, na pembeni ya gia kuna mkono mdogo wa transfa, yaani sanduku la gia linalopeleka nguvu mbele na nyuma, wenye 2H (nyuma tu), 4H (magurudumu manne), N (huru) na 4L (manne kwa mwendo wa chini). Ukiingiza 4L, mwendo unapungua kwa karibu mara 1.8 na nguvu inayofika kwenye magurudumu inaongezeka kwa kadiri hiyo hiyo, ndiyo maana injini ndogo kama ile inaweza kuupanda mlima wa Newala na mzigo bila kulia. Kiti cha nyuma ni finyu, na kwenye lami ya kwenda Lindi linayumba ukizidisha mwendo. Hayo niliyajua na niliyakubali.

Muuzaji, ambaye nilipelekwa kwake na dalali mjini Mtwara, aliliwasha gari mbele yangu, akauvuta mkono wa transfa mpaka 4H, na taa ya 4WD ikawaka kwenye dashibodi. Akaniambia, "Ona mwenyewe kaka, kila kitu kinafanya kazi. Hili hata Msimbati unaingia nalo mpaka ufukweni." Nililiendesha kilomita chache kwenye lami, likatulia vizuri, nikamhesabia shilingi milioni 7 na laki 2.

Safari ya tatu nilipakia mifuko 12 ya salfa ya kilo 25, yaani kilo 300, nikaingia njia ya mashambani ambayo nimeipita miaka mingi kwa pikipiki. Kwenye mchanga wa kwanza gari likazama. Nikaingiza 4H, taa ikawaka, nikakanyaga mafuta taratibu, nalo likazidi kukaa chini. Nikaingiza 4L, mambo yakawa yale yale. Mzee mwenye shamba la jirani alikuwa amesimama chini ya mkorosho akitazama, akanisogelea na kuniambia kwa upole, "Mwanangu, hili gari lako linasukumwa na miguu ya nyuma tu. Hii ya mbele inasindikizwa."

Nilishuka nikalala mchangani nikamulika kwa simu. Kwenye difu ya mbele, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya mbele, pale ambapo hufungwa shafti, ule mhimili mrefu unaoleta nguvu kutoka kwenye transfa, palikuwa na bamba la duara lenye matundu manne matupu, na kutu ndani ya matundu hayo ilikuwa imeshakuwa nyeusi, kuonyesha kwamba boliti hazijaingia humo kwa muda mrefu. Upande wa transfa, mdomo ulikuwa umezibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokazwa kwa waya wa kufungia nondo, kikiwa kimelowa oili. Katikati hapakuwa na kitu. Mtu alikaa, akapima, akakata tyubu, akasokota waya kwa koleo, kisha gari hilo likapelekwa sokoni na kunadiwa kuwa ni la 4WD. Mifuko yote tuliishusha, tukaibeba mabegani mpaka shambani, na gari likavutwa na trekta kwa shilingi 60,000.

Nilipompigia muuzaji simu hakukana. Alisema, "Kaka, fundi aliitoa ili gari lisile mafuta, magari haya yote yako hivyo." Maneno haya ndiyo yaliyonikasirisha kuliko hata hasara, kwa kuwa ni uongo unaozunguka gereji nyingi na watu wanaumeza bila kuuliza. Katika Escudo hii, mkono wa transfa ukiwa kwenye 2H nguvu ya injini haiendi mbele hata kidogo, na habu (vifungio vya magurudumu ya mbele) zikiwa zimefunguliwa, shafti ya mbele yenyewe husimama. Ukiing'oa unapunguza uzito wa chuma kimoja na msuguano kiduchu. Hayo mafuta yanayookolewa yanatoka wapi?

Sababu ya kweli kila fundi anaifahamu. Gari hili halina difu ya katikati ya kuruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hiyo mtu akilitembeza kwenye lami likiwa ndani ya 4H, kila kona magurudumu ya mbele na ya nyuma yanakwenda umbali usio sawa, na kwa kuwa tairi haliwezi kuteleza kwenye lami, chuma kinapigana na chuma mpaka krosi (viungo) za shafti na gia zinalika na kuanza kulia. Badala ya kununua krosi, shafti inang'olewa, kelele inakwisha, gari linauzwa. Taa nayo haidanganyi peke yake, inadanganyishwa: swichi yake iko kwenye transfa na inasoma mkono umeingia wapi, haina habari kama kuna shafti au hakuna.

Na hili si suala la kukwama tu. Ukiingiza 4L katika gari lililong'olewa shafti ya mbele, nguvu yote iliyozidishwa inakwenda kwenye ekseli ya nyuma, ambayo haikukusudiwa kuibeba peke yake. Kwenye mteremko wa udongo, magurudumu manne yanayoshikwa na injini hukushusha polepole, lakini yakishikwa mawili ya nyuma tu, mkia unaweza kuteleza ukakutangulia. Mtu anayebeba familia yake kutoka Newala wakati wa mvua anaamini ana gari ambalo kwa kweli hana.

Anayetaka kununua gari la aina hii asiridhike na taa. Alale chini atazame shafti mbili, moja kwenda mbele na moja nyuma. Kisha aingize 4H na kulisogeza gari mita chache kwenye mchanga ili habu zijifunge, au azifunge kwa mkono kama ni za kufunga, azime injini na kuacha gia imeingia, anyanyue gurudumu moja la mbele kwa jeki na kulizungusha. Likizunguka ovyo, mbele hakuna kazi inayofanyika, hata kama shafti ipo.

Muuzaji ameniambia nilinunua "kama lilivyo". Hati ya mauziano ninayo, imeandikwa "Suzuki Escudo 4WD" kwa mwandiko wake mwenyewe, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Nimenunua shafti iliyotumika kutoka Dar es Salaam na krosi mpya mbili, vikaja kwa basi, na gari sasa linapita njia ile ile likiwa na mifuko 12. Simdai anirudishie milioni 7. Ninamdai gharama ya shafti, krosi, fundi na trekta, jumla shilingi 435,000, na risiti zote nimeziambatanisha na kile kipande cha tyubu na waya wake. Nimempa siku 14 kwa maandishi kupitia dalali aliyetukutanisha. Zimebaki 5.