Mume amerudi UK na pasipoti yangu akaniacha Kisumu, visa yangu ya ndoa bado iko?

Nyar_Maseno
Habari zenu wapendwa, naomba mnisome hadi mwisho hata kama ni ndefu, usingizi umenikataa wiki tatu sasa. Nilienda Uingereza Machi 2024 na visa ya ndoa, mume wangu ni wa huku kwetu lakini alishachukua uraia wa huko kitambo. Desemba tukakuja kumzika mamangu. Baada ya mazishi akaniambia nitangulie kwa shangazi hapa Kondele nipumzike, yeye ana mambo ya shamba Siaya, atanipitia twende Nairobi tupande ndege pamoja. Hakunipitia. Napiga simu, mteja hapatikani, kesho yake naona meseji yuko Birmingham, ati ndoa imeisha nikae nyumbani nisimsumbue. Pasipoti yangu ilikuwa kwa begi yake ya makaratasi. Tiketi yangu ya kurudi nimeuliza, aliikansel siku mbili kabla ya mazishi. Kabla! Mama hata hajaingia kaburini.

Visa yangu inaisha Desemba 2026. Dada yake ameniambia tayari ameandikia Home Office, wizara yao ya uhamiaji, tumeachana, na ati visa ni yake kwa hivyo ameikata. Ni kweli anaweza? Hatuna mtoto. Kazi yangu na vitu vyangu vyote viko huko.

Mwana_wa_Ingo
Pole sana dada, na pole kwa mama. Visa si ya mumeo, yeye ni mdhamini tu. Akiandika barua mia, mwenye kukata ni Home Office peke yake. Lakini nisikudanganye, hiyo visa msingi wake ni nyinyi kuishi pamoja, uhusiano ukiisha wanaweza kuifupisha hata kabla ya talaka kutoka. Mtu akiwa ndani ya Uingereza mara nyingi wanampatia siku 60 atafute njia ingine ama aondoke. Ukiwa nje kama wewe inaweza kukatwa hapo hapo. Kwa hivyo usikae ukisema niko na muda hadi Desemba.

Na tafadhali usikope pesa ukapande ndege useme bado mko pamoja. Wakikushika uwanjani na uongo, hata ile haki uliyokuwa nayo utaiharibu.

Naks58
Shemeji yangu wa hapa Nakuru aliachwa akiwa huko huko, bila kupigwa bila nini, mapenzi yaliisha tu. Yeye alisaidiwa na mtoto kwa sababu msichana ni raia wa Uingereza, akabadilisha akaingia kwa njia ya mzazi. Najua hiyo si yako, naiweka kwa wengine wanaosoma.

Mama_Tumaini
Nyar Maseno, umeachwa na mtu aliyepanga, na hiyo ina jina huko: kutelekezwa nje ya nchi na mwenzi wa ndoa, inahesabiwa kama dhuluma ya nyumbani. Tangu 31 Januari 2024 sheria zao zinaruhusu mwanamke kama wewe aombe akiwa huku nje, na ukikubaliwa unaingia na makazi ya kudumu, humtegemei yeye tena. Inakufaa kwa sababu mumeo ni raia. Angekuwa kwa visa ya kazi na wewe ni tegemezi wake, hiyo njia ya makazi haingekuwa yako, na hapo ndipo dada zetu wengi wanapotea wakishauriwa na mtu ambaye hajauliza swali hilo moja.

Lakini lazima uonyeshe. Ile meseji ya Birmingham usiifute, piga skrinshoti ikiwa na tarehe na namba. Tafuta barua ya shirika la ndege ya tiketi kukanselwa, hiyo tarehe ya kabla ya mazishi ni dhahabu. Kama alikuwa anakutumia pesa akaacha, chapisha steitimenti. Kisha ongea na mshauri aliyesajiliwa huko na Immigration Advice Authority, si ajenti wa mtaani anayeitisha pesa kwa M-Pesa. Southall Black Sisters, shirika la wanawake la London, wamepigania wanawake walioachwa hivi miaka mingi, waandikie leo.

Nyar_Maseno
Nimelia nikisoma hii. Nilikuwa naenda polisi kesho kuripoti pasipoti imepotea ndio nipate abstrakti niombe ingine.

Mama_Tumaini
Usiseme imepotea! Sema imechukuliwa na mume wangu, tarehe fulani, mahali fulani, waandike hivyo kwa OB, kile kitabu cha matukio kituoni. Ukisema imepotea, karatasi yako mwenyewe itamtetea yeye. Ukishapata, omba pasipoti mpya kwa eCitizen, alama za vidole unaweza kutoa hapo ofisi ya uhamiaji Kisumu.

Mwana_wa_Ingo
Swali lingine muhimu, akaunti yako ya UKVI, idara yao ya visa, ilifunguliwa na nani? Siku hizi visa iko mtandaoni, zile kadi zilikwisha kutumika. Ukiingia kwa akaunti, namba ya siri inatumwa kwa imeili ama simu iliyosajiliwa, na barua ya kukatwa visa inaweza kwenda hapo hapo.

Nyar_Maseno
Yeye. Alitumia imeili yake, alisema yangu ninasahau paswodi.

Mwana_wa_Ingo
Basi hiyo ndiyo ya kwanza kabla ya kitu kingine. Kuna fomu kwa tovuti ya serikali yao ya mtu aliyepoteza njia ya kuingia kwa akaunti, jaza uweke imeili yako na namba yako ya huku.

Nyar_Maseno
Nimerudi kutoka kituoni. Afisa alikuwa anaandika "imepotea", nikamwomba akate, akakata akaandika imechukuliwa na mume. Fomu nimejaza saa hii niko saiba hapa Kondele. Southall nimewaandikia pia, nangoja.